Kuchangia programu huria kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa anayeanza akiwa Dar es Salaam

Kijana anayekaa Sinza au Mbagala, mwenye kompyuta ya mtumba aliyoinunua Kariakoo na bando la wiki, anaweza kusahihisha programu inayotumiwa na watu wa Oslo, Jakarta na Lima bila kuomba kibali cha mtu yeyote kabla ya kuanza. Msimbo wa programu huria uko wazi, leseni yake inamruhusu kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, na wasimamizi wa miradi mingi hupokea marekebisho kutoka kwa yeyote anayeyaleta kwa utaratibu. Neno zito hapo ni utaratibu. Wengi niliowaona wakikwama walikuwa wanajua kuandika msimbo vizuri tu. Wasilolijua ni jinsi kazi inavyopelekwa, inavyopokelewa na inavyojadiliwa. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo, na unamchukulia msomaji kuwa ni mtu anayeweza kufungua faili la msimbo na kulielewa kwa kiasi, hata kama hajawahi kuandika programu nzima peke yake.

Kwanza tuondoe utata mmoja wa lugha. Huria si bure. Programu nyingi tunazozipakua bila kulipa hata senti zimefungwa kabisa na msimbo wake hauonekani, ilhali programu huria inaweza kuuzwa na bado ikabaki huria. Kinachoamua ni leseni. Ukifungua ghala la msimbo la mradi, ambalo wenyewe huliita repo, tafuta faili lenye jina LICENSE. Ukikuta humo leseni ya MIT, Apache 2.0 au mojawapo ya matoleo ya GPL, endelea bila wasiwasi. Usipokuta leseni yoyote, msimbo huo bado ni mali ya mwandishi wake hata kama dunia nzima inausoma, na ni afadhali umwulize kabla hujatumia jioni zako kuufanyia kazi. Kama umeajiriwa kuandika programu, soma pia mkataba wako, kwa kuwa baadhi ya waajiri huandika kwamba kila unachokiandika ni chao.

Chagua programu ambayo tayari inakukera

Anayeanza hupenda kukimbilia mradi wenye jina kubwa. Amesikia kwamba kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndicho kilicho ndani ya simu za Android na seva nyingi duniani, basi anajitosa huko, anakuta mabadiliko yanapelekwa kwa barua pepe na kwa masharti makali, na baada ya siku mbili anajiona hafai. Ushauri wangu ni kuchukua programu unayoitumia kila wiki na ambayo kuna mahali inakuudhi. Mtu aliyeudhika anajua programu ilipaswa kufanya nini, na ana sababu ya kurudi kesho yake kulishughulikia jambo lile lile, jambo ambalo sifa peke yake haimfanyii mtu.

Programu za namna hiyo ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na Wizara ya Afya, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuuendeleza kwa miaka mingi. Mwenye dada au shemeji anayejaza takwimu za kituo cha afya kila mwisho wa mwezi ana mtu wa kumwuliza ni wapi fomu inamchosha. Wenye kupenda ramani wanaikumbuka Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 na kuwatumia wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa, kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko na kuiweka kazi hiyo kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Ramani zile zilipita katika zana za programu huria, kuanzia programu za simu zilizokusanya taarifa hadi QGIS, programu ya kutengenezea ramani, iliyozichapisha, na zana hizo zote zina orodha za kasoro zinazosubiri mtu. Mwaka 2018 mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika hapa hapa jijini.

Usisahau LibreOffice, Firefox na VLC, ambazo huenda ziko kwenye kompyuta yako sasa hivi. Kazi ya kuzifanya programu za ofisi zizungumze Kiswahili si ngeni hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na leo tafsiri za LibreOffice hufanyiwa kazi kupitia tovuti inayotumia Weblate, programu ya kutafsiria, ambako unaweza kupendekeza neno bila kusakinisha chochote. Kwa mtu ambaye msimbo bado unamtisha, huo ni mlango halali, tena wenye kazi ngumu kuliko unavyoonekana. Nimewahi kufungua programu ambayo kitufe cha kutunza faili kimeandikwa “Okoa”, kana kwamba faili linazama Ferry na linasubiri mvuvi. Neno lilipaswa kuwa “Hifadhi”. Kosa kama hilo haliwezi kuonwa na msimamizi asiyejua Kiswahili, hata awe fundi kiasi gani, na litakaa hapo miaka mpaka mmoja wetu aliondoe.

Soma kabla ya kugusa

Ukishachagua, soma mafaili mawili: README, linaloeleza programu ni nini na inavyosakinishwa, na CONTRIBUTING, linaloeleza namna wenyewe wanavyotaka kupokea michango. Kuruka faili la pili ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Humo utakuta kama wanataka suala lijadiliwe kwanza kabla ya msimbo kuletwa, majaribio gani yaendeshwe, na kama kila badiliko linapaswa kutiwa tamko kwamba una haki ya kulitoa, tamko ambalo Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, huliongeza ukiandika git commit -s.

Kisha angalia kama mradi uko hai. Tazama tarehe ya badiliko la mwisho lililounganishwa, halafu fungua maombi matano au sita ya watu wa nje wanaotaka mabadiliko yao yaunganishwe na uone yalijibiwa baada ya muda gani na kwa lugha gani. Mradi ambao maombi yake ya mwaka jana hayajaguswa utakuvunja moyo hata ukiwa na kazi nzuri. Miradi mingi huwawekea wageni alama ya “good first issue”, yaani suala zuri la kuanzia, kwenye masuala mepesi. Anzia hapo, lakini soma mazungumzo yote chini ya suala, kwa sababu mara nyingi utakuta mtu alishasema miezi mitatu iliyopita kwamba analishughulikia. Akiwa kimya tangu siku hiyo, mwulize kwa upole kama bado anaendelea.

Mchango wa kwanza unaweza kuwa ripoti

Ripoti nzuri ya kasoro ni mchango kamili, na kwetu sisi ni eneo lenye utajiri. Msimamizi aliyeko Berlin hana namna ya kujua kwamba ukurasa wake unachukua dakika mbili kufunguka kwenye simu ya bei nafuu ndani ya daladala, wala hajui kwamba fomu inayolazimisha msimbo wa posta inamzuia mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kuandika msimbo wa posta wa mtaa wake.

Tuchukue mfano mmoja. Fomu ya usajili inakataa namba yako ya simu. Ukiandika tu kwamba programu haifanyi kazi Tanzania, ripoti itafungwa au itaachwa. Jaribu mara tatu kwa makini: namba inayoanza na 07 inakataliwa; namba hiyo hiyo ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha inakataliwa; ikianza na +255 inakubaliwa. Sasa una jambo la kusema. Andika toleo la programu, aina ya simu na toleo la Android, hatua ulizofuata moja baada ya nyingine, ulichotarajia na kilichotokea, na uongeze kwamba ujumbe wa kosa haumwambii mtumiaji aandike +255. Bandika picha ya skrini, lakini ifiche namba yako. Ripoti kama hiyo humwezesha mtu mwingine kuirudia kasoro mezani kwake kwa dakika moja, na mara nyingi huishia kurekebishwa siku hiyo hiyo au kurudishwa kwako na swali, “Ungependa kuirekebisha mwenyewe?”

Kabla ya kutuma, tafuta kama mwingine alishairipoti. Na kama kasoro inafichua nywila au taarifa za watu, usiiandike hadharani. Tafuta faili la SECURITY linaloeleza pa kuipeleka kwa siri.

Lugha ya mawasiliano kwa kawaida ni Kiingereza, na Kiingereza cha sentensi fupi kinatosha. Unaweza kutumia akili mnemba kukisafisha, ila usiiachie ikuandikie ripoti au msimbo usiouelewa. Wasimamizi wamechoka na maandishi marefu yasiyo na mwandishi; mwaka 2024 miradi ya mifumo endeshi ya Gentoo na NetBSD iliweka makatazo dhidi ya msimbo unaozalishwa na zana hizo, na miradi mingine ina masharti yake, ambayo utayakuta kwenye CONTRIBUTING.

Badiliko moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Sasa tulirekebishe lile neno “Okoa”. Nitachukulia kwamba mradi uko GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya namna hii, na kwamba tafsiri zake ziko ndani ya msimbo. Kwenye GitLab na kwingineko majina ya vitufe hutofautiana lakini mwendo ni huo huo, kwa sababu chini yake kuna chombo kimoja, Git, ambacho Torvalds alikianzisha mwaka 2005.

Fungua akaunti na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ambao tangu 2023 GitHub imekuwa ikiwataka wanaochangia msimbo wawe nao. Tumia programu ya kuzalisha namba badala ya ujumbe wa simu, na misimbo ya dharura iandike kwenye karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako. Mwenye kupoteza simu Kariakoo siku ya Jumamosi atanielewa. Jambo la pili linalowakwamisha wengi ni kwamba tangu Agosti 2021 GitHub haipokei nywila ya kawaida unapotuma msimbo kwa Git. Tengeneza ufunguo kwa kuandika kwenye dirisha la amri (terminal) ssh-keygen -t ed25519, kisha nakili maandishi ya faili linaloishia na .pub, na hilo peke yake, uyabandike kwenye mipangilio ya akaunti. Faili jingine, lisilo na mwisho huo, halitoki kwenye kompyuta yako.

Ndani ya kompyuta yako jitambulishe kwa git config --global user.name na git config --global user.email. Anwani utakayoiweka itaonekana na kila mtu na haifutiki kirahisi kwenye historia, hivyo usiyependa kuianika anwani yako chukua ile ya kufichia ambayo GitHub hukupatia kwenye mipangilio ya barua pepe.

Kwenye ukurasa wa mradi bonyeza Fork, upate nakala yako mwenyewe ya ghala lile, kisha ishushe. Hapa ndipo bando huungua. Mradi wenye historia ya miaka kumi na tano unaweza kufikia gigabaiti kadhaa, ilhali wewe unahitaji hali ya leo tu. Andika git clone --depth 1 ukifuatisha anwani ya SSH ya nakala yako, na Git itashusha mafaili ya sasa bila historia yote ya nyuma. Ukija kuihitaji, amri git fetch --unshallow itakuletea iliyobaki siku utakapokuwa kwenye mtandao wa chuo au wa ofisini.

Ingia ndani ya folda, fungua tawi jipya, yaani njia ya pembeni ya kufanyia kazi yako, kwa git checkout -b rekebisha-hifadhi, na ufanye kazi yako kwenye tawi hilo, usiguse tawi kuu. Tafuta neno kwa git grep "Okoa". Amri hiyo itakuonyesha kila mstari wenye neno hilo, na ni muhimu kuipitia yote, kwa sababu huenda mahali pengine programu inazungumzia kuokoa faili lililoharibika, na hapo “Okoa” ndilo neno sahihi. Badilisha panapostahili tu.

Halafu, kabla ya chochote kingine, andika git diff na usome. Nasisitiza hatua hii kwa sababu iliniaibisha. Ombi langu la kwanza lilikuwa la kubadilisha mistari miwili. Kihariri changu kilikuwa kimewekwa kupanga upya nafasi za faili zima kila ninapohifadhi, nami sikujua. Msimamizi akapokea mistari zaidi ya mia sita iliyobadilika, akauliza kwa ustaarabu ni ipi kati ya hiyo nilitaka aisome. Git diff ingeniambia hayo kwa sekunde tatu. Ukiona mistari usiyoigusa, zima upangaji huo na urudie.

Ukiridhika, andika git add ukifuatisha jina la faili, kisha git commit na ujumbe unaosema umefanya nini na kwa nini: kwamba “Okoa” lina maana ya kunusuru, na kwamba kitufe hiki kinatunza faili, hivyo “Hifadhi” ndilo neno linalotumika. Angalia ujumbe wa wengine katika mradi huo na ufuate mtindo wao. Endesha majaribio kama CONTRIBUTING inavyoelekeza, kisha git push -u origin rekebisha-hifadhi.

Ukirudi kwenye ukurasa wa mradi utaona kitufe cha kufungua ombi la kuunganisha mabadiliko, ambalo vijana wa mjini hulitaja kwa herufi mbili tu, PR (pull request). Taja namba ya suala unalolitatua, eleza ulivyolijaribu, weka picha ya kabla na ya baada. Ombi moja libebe jambo moja. Ukiwa umegundua kosa jingine la tafsiri njiani, lifungulie tawi lake. Msimamizi anayelikubali la kwanza na kulitilia shaka la pili hapaswi kulazimika kuyakataa yote mawili.

Baada ya kutuma

Subiri. Wasimamizi wengi hufanya kazi hii usiku baada ya ajira zao, na wiki moja ya ukimya ni jambo la kawaida. Baada ya wiki mbili si kosa kuuliza kwa sentensi moja kama kuna kitu kinachokosekana.

Majibu yakija, uzoefu wetu wa mawasiliano unaweza kutudanganya. Sisi husalimiana kwanza, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo shida ielezwe. Huko utajibiwa kwa maneno manne yasiyo na salamu, kwamba utoe mstari wa 14, na ukayasoma kama matusi. Si matusi, huyo mtu amejibu maombi ishirini jioni hiyo. Shukuru kwa neno moja, fanya marekebisho kwenye tawi lile lile, tuma tena, na ombi litajisasisha lenyewe bila kufungua jipya. Usipokubaliana na maoni, sema sababu zako mara moja kwa utulivu. Kwa suala la Kiswahili wewe ndiye mjuzi katika mazungumzo hayo, na una haki ya kulitetea neno lako kwa mifano.

Ombi lililokaa sana litaambiwa lifanyiwe rebase, maana yake ni kwamba tawi kuu limesonga mbele na badiliko lako linapaswa kukalishwa juu ya hali mpya. Uongeze mradi wa asili kwa git remote add upstream na anwani yake, kisha git fetch upstream, kisha git rebase upstream/main (miradi ya zamani huliita tawi kuu master). Ukimaliza, tuma kwa git push --force-with-lease, ambayo, tofauti na --force tupu, hukataa kufuta kazi iliyowekwa na mtu mwingine ambayo hujaiona.

Ukialikwa kwenye kikao cha mradi, hesabu saa kwa uangalifu. Saa hutangazwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Kikao cha 15:00 UTC ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Mimi niliisoma 15:00 kama saa tisa alasiri, nikakaa peke yangu mbele ya skrini nikidhani mtandao umekata.

Kuhusu malipo, kazi nyingi ya programu huria haina ujira wa moja kwa moja, lakini ziko njia mbili zinazojulikana kwa wanaoanza: Google Summer of Code, iliyoanza 2005, na Outreachy, inayowalipa washiriki wake dola 7,000 kwa kipindi kimoja. Outreachy hupima watu kwa michango waliyokwisha kuileta, na miradi mingi ya Summer of Code huitazama pia, kwa hiyo anayeanza wiki ya mwisho ya maombi amechelewa. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha michango, ni nzuri kwa mazoezi, mradi usitume mabadiliko ya hovyo kwa ajili ya zawadi. Wasimamizi wanayatambua mara moja. Ukihitaji watu wa kukaa nao, ulizia Buni, kitovu cha wabunifu kilicho pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kijitonyama, au vikundi vya wanafunzi wa kompyuta Mlimani.

Siku ombi lako litakapounganishwa, futa tawi lako, sasisha nakala yako, kisha rudi kwenye orodha ya maombi yaliyofunguliwa na utafute la mgeni mwingine. Lishushe, lijaribu kwenye simu yako, na uandike chini yake ulichokiona, kuanzia na toleo la Android.